Dorothy Hakuota

Mwezi uliopita tuliwaonyesha watoto wa kituo chetu filamu ya zamani sana, The Wizard of Oz, ya mwaka 1939. Tulitundika shuka jeupe ukutani, tukaazima projekta, na mimi nikakaa mbele kutafsiri, maana Kiingereza chao bado ni kidogo. Watoto walicheka pale pa kucheka, walipiga kelele mchawi wa kijani alipotokea, na nyimbo waliziimba bila kujua maneno. Ilipoisha nilitegemea makofi. Badala yake binti mmoja wa miaka kumi na miwili akanyoosha mkono: “Kaka, kwa nini wanamwambia ameota?”

Kabla sijajibu, mdogo wake naye akauliza lake: “Na ile barua ya mbwa imeishia wapi?”

Nikasema muda umekwisha, tufunge kituo. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani na maswali yale mawili, nikatafuta kitabu chenyewe. Kinapatikana bure kwenye intaneti kwa sababu haki zake zilishaisha muda. Nilikisoma kwenye simu, polepole, usiku kwa usiku. Sasa naona wale watoto wawili waliuliza jambo linalotuhusu wote hapa, sisi wakimbizi na nyinyi mnaofanya kazi nasi. Swali lenyewe ni hili: je, tuna haki ya kumwambia mtoto kwamba maisha yake ya hapa si maisha yenyewe?

Kwa asiyeijua hadithi, nieleze kwa kifupi. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1900, mwandishi ni L. Frank Baum. Dorothy ni mtoto yatima, analelewa na Uncle Henry na mke wake Aunt Em, kwenye shamba katikati ya mbuga za Kansas. (Kiingereza kina neno moja tu kwa shangazi na mama mdogo, hakitusaidii, mimi nitamwita Shangazi Em na Mjomba Henry.) Kimbunga kinainyanyua nyumba yao, Dorothy na mbwa wake Toto wakiwa ndani, na kuiangusha katika nchi ya Oz. Nyumba inamwangukia mchawi mbaya, anakufa palepale, na watu aliokuwa amewafanya watumwa wanapata uhuru. Dorothy anapewa viatu vya yule mchawi. Anaanza safari ya kutafuta njia ya kurudi kwao, na njiani anapata marafiki watatu: sanamu ya majani ya kutishia ndege, anayetaka akili, mkata kuni wa bati, anayetaka moyo, na simba mwoga, anayetaka ujasiri. Mwishoni anaambiwa kumbe viatu vile vilikuwa na uwezo wa kumrudisha tangu siku ya kwanza. Anavigonga, anarudi.

Hapo ndipo kitabu na filamu vinaachana. Katika kitabu, Oz ni nchi ya kweli. Dorothy anarudi akiwa na soksi tu, maana viatu vya fedha vimemdondoka angani, vikapotelea jangwani. Mjomba Henry ameshajenga nyumba mpya mahali pa ile iliyobebwa. Kwa hiyo muda umepita, watu wameomboleza, wamejenga upya. Shangazi Em anatoka kumwagilia kabichi, anamwona, anamkimbilia, anamkumbatia, na anamuuliza ametokea wapi. Kitabu kinaishia hapo.

Katika filamu, viatu ni vyekundu, na Dorothy anaamka kitandani. Dirisha lilimpiga kichwani wakati wa kimbunga. Vibarua watatu wa shambani wanamzunguka, na ukitazama sura zao ni wale wale: sanamu ya majani, mtu wa bati na simba. Waigizaji ni wale wale watatu. Binti anajaribu kueleza kwamba alikuwa mahali pa kweli, penye watu wa kweli. Wanatabasamu. Wanamwambia ilikuwa ndoto tu. Na yeye mwishowe anasema kwamba hapana mahali panapofikia nyumbani, na filamu inaisha.

Mimi nilikuwa nimeiona filamu hii mara mbili kabla ya siku ile na sikuwahi kushtuka. Yule binti alishtuka kwa sababu yeye amezaliwa hapa. Kwake, kila siku ya maisha yake ni ile sehemu ambayo wakubwa wanasema ni ndoto.

Tuseme ukweli. Ni mara ngapi tunawaambia watoto, “Haya ya hapa ni ya kupita”? Mtoto akishinda mtihani, tunamwambia, “Ungeona shule za kwetu.” Akimpenda mwalimu wake, tunamwambia asimzoee sana. Akiuliza kama anaweza kupanda mwembe nyuma ya nyumba, baba anasema, “Mwembe wa nini, sisi tunaondoka.” Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Nyarugusu ilianza mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ule leo ni mtu mzima, pengine ana watoto wake. Mwembe ule ungekuwa umezaa mara nyingi tu.

Wafanyakazi wa mashirika nao wana namna yao ya kusema hivyo hivyo, ila kwa maneno ya ofisini. Kila kitu ni cha muda: darasa la muda, choo cha muda, mradi wa miezi sita. Sisemi wana nia mbaya. Nami nafanya kazi ndani ya miradi hiyo, najua bajeti inavyokuja. Lakini mtoto anasikia neno “muda” na anaelewa kwamba yeye mwenyewe ni wa muda.

Sasa naijua hoja ya upande wa pili, na sitaki kuipita kama haipo. Nilipomsimulia jirani yangu mambo haya, mama mmoja mtu mzima aliyekuja na watoto wanne kwa miguu, alinitazama kwa ukali. “Mwanangu,” akasema, “nikimwambia mtoto kwamba hapa ndipo maisha, nimewaachia shamba langu wale walionifukuza. Wao wanangoja hilo tu, tusahau.” Halafu akaniwekea methali ambayo wote tumelelewa nayo: mkataa kwao ni mtumwa.

Nilinyamaza, maana ana haki. Kusahau ni hasara, na kuna watu wanaofaidika tukisahau. Shamba lisilo na mtu wa kulikumbuka ni rahisi kuchukuliwa. Lugha isiyosemwa inapotea ndani ya kizazi kimoja. Kwa hiyo mtu yeyote anayesema “achaneni na habari za kurudi” hanipati mimi.

Ila nilirudi kwenye kitabu kuangalia Dorothy anataka kurudi kwa sababu gani. Nilidhani ni kwa sababu Kansas ni kuzuri. Hapana. Baum ameieleza Kansas kuwa ya kijivu kila upande: ardhi ya kijivu, majani ya kijivu, nyumba ambayo jua limeibabua rangi mpaka nayo ikawa kijivu. Hata Shangazi Em, aliyefika pale akiwa bibi harusi mrembo, jua na upepo vimemnyang’anya rangi ya macho na mashavu. Mjomba Henry hacheki kamwe. Sanamu ya majani anamuuliza Dorothy swali la maana kabisa: kwa nini uiache nchi nzuri hivi urudi kwenye ukavu ule? Dorothy anajibu kwamba watu wa nyama na damu hupenda kwao hata kukiwa kubaya namna gani. Sanamu anamjibu kwa utani kwamba ni bahati ya Kansas kuwa watu wana akili, maana wangekuwa na vichwa vya majani kama yeye, wote wangehamia kwenye uzuri na Kansas ingebaki tupu.

Lakini sababu yenyewe inatoka baadaye, karibu na mwisho. Dorothy anasema anamhofia Shangazi Em. Atadhani nimekufa, atataka kuvaa nguo za msiba, na kama mavuno hayakuwa mazuri, Mjomba Henry hataweza kuzinunua.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mtoto yuko katika nchi ya maajabu, na anachofikiria ni bei ya nguo za msiba. Anawafikiria wawili wanaomlia na hawana pesa. Hilo ndilo kwao. Udongo wa kijivu hauna la kumdai. Na tukumbuke, Dorothy hakuzaliwa kwenye lile shamba. Aliletwa pale akiwa yatima. Em naye alifika kama bi harusi. Wote watatu walifika kutoka kwingine. Pakawa kwao kwa sababu waliangaliana.

Na lipo jambo chungu zaidi ambalo siwezi kuliacha. Zile mbuga hazikuwa tupu kabla ya kina Henry. Yalikuwapo mataifa ya wenyeji wa Marekani, yakafukuzwa. Baum mwenyewe aliishi Aberdeen, South Dakota, kuanzia 1888 hadi 1891. Duka lake lilianguka, gazeti lake likafa, ukame ukawatesa watu wote. Katika gazeti hilo, mwaka 1890 na 1891, wakati wa mauaji ya Wounded Knee, aliandika akitaka wenyeji wale wamalizwe wote. Mwaka 2006 watu wa ukoo wake waliomba radhi kwa maandishi hayo. Nimeandika hili kwa sababu tunaojua kufukuzwa hatuwezi kusoma kitabu kuhusu nyumbani bila kuuliza nyumbani kwa nani. Mtu anaweza kulijua vizuri neno “nyumbani” kwa ajili ya wake na kulikataa kwa wengine. Tumewaona watu hao. Ndio waliotuleta hapa.

Sasa turudi kwa kijana mdogo na swali lake la barua. Katika filamu, Dorothy anatoroka kabla hata ya kimbunga. Kuna mwanamke tajiri wa jirani, Miss Gulch, anakuja na karatasi ya serikali ya kumchukua Toto, kwa sababu mbwa alimng’ata. Shangazi na mjomba wanasoma karatasi, wanaona ni ya kisheria, wanamtoa mbwa. Toto anaruka kutoka kapuni na kurudi mbio, na Dorothy anakimbia naye ili asichukuliwe tena. Halafu ndiyo kimbunga, Oz, na kuamka. Toto anaruka kitandani. Kila mtu anafurahi. Na ile karatasi? Filamu haisemi. Miss Gulch hatajwi tena. Kwa jinsi tulivyoona, karatasi bado ina nguvu, na kesho asubuhi yule mama anaweza kugonga mlango.

Mtoto wa miaka tisa aliliona hilo ambalo mimi sikuliona. Alirudishwa nyumbani, lakini kilichomkimbiza bado kipo. Hakuna mtu kitandani pale aliyesema, “Dorothy, ulikimbia kwa sababu hatukukusikiliza. Tumelishughulikia.” Wamemwambia tu kwamba nyumbani ni pazuri. Wangapi kati yetu wamerudi kwa hiari, na baada ya mwaka mmoja tukawaona tena kwenye foleni ya usajili, na turubai jipya? Walirudi kwenye sentensi nzuri. Karatasi ilikuwa bado mezani.

Ndiyo maana nadhani ile ndoto ina kazi yake katika filamu. Ili ile sentensi ya mwisho isikike tamu, lazima Oz iwe haikuwepo. Kama Oz ilikuwepo, basi Dorothy ameacha marafiki watatu ambao hatawaona kesho. Kurudi kwake kuna kilio ndani yake. Kitabu hakikwepi hilo. Anawaaga mmoja mmoja, anawabusu, anawalilia. Na anapoambiwa angeweza kurudi siku ile ya kwanza, marafiki zake wanamkumbusha kwamba wao wangebaki bila akili, bila moyo, bila ujasiri. Anakubali. Anasema amefurahi kuwa aliwafaa. Haoni zile siku kama zimepotea.

Kuna filamu nyingine, Return to Oz, ya mwaka 1985, iliyoelewa hatari ya kumwambia mtoto ameota. Humo Dorothy amerudi Kansas, halali usiku, anaongea habari za Oz tu. Shangazi Em, kwa upendo kabisa, anampeleka kwa daktari mwenye mashine ya umeme, ili zile kumbukumbu ziondoke. Dhoruba inakata umeme kabla hajawashiwa mashine, anatoroka. Mwisho wa filamu anamwona rafiki yake wa Oz kwenye kioo, na safari hii amejifunza: anakaa kimya. Watoto wetu wengi wamefika hapo. Ukiwauliza habari za hapa mbele ya wazazi, wanasema “hamna kitu”. Ukiwauliza habari za kule mbele ya mgeni wa shirika, wanasema “tunashukuru”. Wamejua kila mtu mzima anataka kusikia nusu ipi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kambi ni Oz. Hakuna zumaridi hapa, kuna vumbi na rasheni iliyopunguzwa. Na kitabu kina onyo kuhusu hilo pia. Katika kitabu, kila anayeingia Jiji la Zumaridi anavalishwa miwani ya kijani, inafungwa kwa kufuli, na ndiyo inayofanya jiji lote lionekane la kijani. Zipo ripoti zilizoandikwa na miwani hiyo. Zipo picha za watoto wanaocheka zilizopigwa na miwani hiyo, na mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia watoto watabasamu kwa ajili ya picha. Kwa hiyo kuna makosa mawili: kumvalisha mtoto miwani aone shida ni neema, na kumlaza kitandani umwambie hakuona chochote. La kwanza hufanywa zaidi na wageni. La pili tunalifanya wenyewe, na tunaliita mapenzi ya kwetu.

Na lina gharama. Rafiki yangu mmoja alirudi, akapeleka vyeti vyake kwenye ofisi moja kuomba nafasi ya kusoma. Karani akavigeuza. “Umesoma kambini? Hii siyo shule.” Miaka sita ya masomo, asubuhi sita kwa wiki, watoto themanini darasani, mshumaa usiku. Aliambiwa ameota. Lakini nilijiuliza: yule karani alijifunza wapi maneno hayo? Huenda alitusikia sisi wenyewe tukiyasema.

Hadithi ya Dorothy haikuishia kwenye kitabu cha kwanza. Katika cha mwaka 1910, The Emerald City of Oz, tunaambiwa Mjomba Henry alikopa benki ili kujenga ile nyumba mpya baada ya kimbunga. Mkopo umemshinda, benki inataka kuchukua shamba. Wazee hawana pa kwenda. Dorothy anamwomba rafiki yake, malkia wa Oz, awapokee. Wanaletwa. Mwanzoni wazee wanaona aibu katika jumba la kifahari, hawajui wakae vipi, na hata ile nchi ambayo walikuwa hawaiamini sawasawa sasa wanaikanyaga. Dorothy hadai tena Kansas. Waliokuwa wanamlilia wako naye.

Je, Dorothy amekataa kwao? Nilimpelekea jirani yangu swali hilo. Alifikiri kidogo, akasema, “Kwao aliwabeba.” Halafu akaongeza haraka, “Lakini shamba langu mimi sijakopa benki yoyote. Nalitaka.” Tukacheka. Alitaka, na atalitaka mpaka aingie kaburini, na watoto wake walijue kwa jina, mto wake na mipaka yake. Hakuna kinachozuia mtoto yule yule ajue pia kwamba alijifunza kusoma hapa, kwamba rafiki yake wa kwanza alikuwa Mrundi wa bloku ya pili, na kwamba siku hizo zilikuwa siku zake.

Ninachoomba ni kidogo. Wazazi, mtoto akisema “kwetu” akimaanisha hapa, msimpige kofi la maneno. Mwambieni “na kwetu kwingine ni kule”, mumsimulie. Wenzetu wa mashirika, mnapofunga mradi, wapeni watoto karatasi yenye tarehe na walichojifunza, hata kama ni kushona au kupiga ngoma, ili siku moja karani akigeuza vyeti wawe na kingine cha kuweka mezani. Na kabla ya kumwambia mtu yeyote arudi, muulizeni kuhusu ile karatasi ya mbwa.

Wiki iliyopita nilimjibu yule binti. Nilimwambia waliomzunguka kitandani hawakuwa wabaya, walimpenda, ila hawakuwahi kufika alikofika. Nikamwambia katika kitabu hakuota. Akaniuliza, “Kwa hiyo wale rafiki zake wapo?” Nikasema wapo. Mdogo wake bado anasubiri jibu la barua, na wiki hii amemleta rafiki yake naye aniulize.